Mzabibu Asiouona Mgeni wa Dodoma

Karibu kila anayekwenda Dodoma anapelekwa na karatasi. Ana barua ya kuitwa semina, ana wito wa usaili, ana rufaa iliyopangiwa tarehe, ana mtoto anayeripoti chuo, au ana faili lililokwama mezani kwa mtu kwenye ofisi za serikali kule Mtumba na ameambiwa alifuate mwenyewe. Analala Area C au Area D, jioni anakula nyama choma, anapiga hesabu ya posho, na siku ya kuondoka, basi likiwa limeshaanza kuunguruma stendi, anauziwa dirishani zabibu nyeusi ambazo bado zina vumbi la shambani. Wengi wetu tumeujua mji huu kwa namna hiyo miaka nenda miaka rudi: tunaujua kwa kumbi zake, kwa upepo wake wa Julai, na kwa bei za vyumba zinavyopanda Bunge likikaa. Tulifundishwa tangu shule ya msingi kwamba mkonge ni Tanga, karafuu ni Pemba na zabibu ni Dodoma. Tukaandika hivyo kwenye mtihani tukapewa vema. Ila waliowahi kusimama katikati ya mistari ya mizabibu, wakaona kishada kinavyoelemea waya, ni wachache hata miongoni mwa waliohamia huko na ofisi zao. Ninavyoona mimi, utengano huu wa mgeni na mzabibu una gharama, na anayeilipa kwanza ni mkulima. Tumehangaika kwa miongo kadhaa namna ya kumfikishia mnywaji chupa, ilhali mnywaji mwenyewe yuko mwendo wa nusu saa kutoka shambani, amejilaza hotelini, hana la kufanya Jumamosi.

Mzabibu si mmea wa asili wa Ugogo, nchi hii ya Wagogo inayoizunguka Dodoma. Ulikuja na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia katika karne iliyopita, watu waliohitaji divai ya misa na waliozoea kuona shamba la zabibu nyuma ya kila kanisa la kijijini kwao. Misheni ya Bihawana, upande wa barabara ya Iringa, ndiyo inayotajwa zaidi kuwa chimbuko. Kwa mujibu wa vitabu vya kilimo vya Ulaya, mmea huu haukupaswa kustawi hapo. Sehemu kubwa ya mvinyo wa dunia hutoka kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini na kusini, kwenye majira ya baridi yanayoulazimisha mti kupukutisha majani na kulala. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Kinachoiokoa ni mwinuko wake wa zaidi ya mita 1,100, mvua haba ya msimu mmoja, na kiangazi kirefu kikavu kinachowanyima fangasi nafasi. Baridi ya kuulaza mti haipo, hivyo kazi hiyo hufanywa na mkasi. Mkulima anaupogoa mzabibu hadi yabaki mashina na vijiti vifupi. Baada ya siku chache ncha zilizokatwa zinadondosha maji, macho yanavimba, na kuanzia hapo anaweza kuhesabu miezi minne hivi akajua atavuna lini. Ndiyo maana Dodoma ina mavuno mawili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, na mwenye kalenda ni mkulima. Mavuno hayo hayafanani. Ya wakati wa mvua huja na ubwiri unga, ule unga wa kijivu unaopaka majani na punje, na tunda lenye maji mengi kuliko utamu. Ya kiangazi huja na punje ndogo, ngozi ngumu na sukari nzito. Mtu aliyeonja zabibu za misimu yote miwili akiwa amesimama shambani, mwenye shamba akimweleza alipuliza salfa mara ngapi, hahitaji kozi ya mvinyo. Ameshaelewa kwa nini chupa mbili zenye lebo moja zinaweza kutofautiana.

Shida inaanza siku kishada kinapokatwa. Mtama utakaa ghalani, karanga na alizeti zitangoja ndani ya gunia hadi bei ipande, lakini zabibu kwenye joto la Dodoma hazina subira ya siku nyingi, na mnunuzi analijua hilo kabla hajateremka kwenye gari. Enzi za kiwanda cha umma cha DOWICO wakulima walimtegemea mnunuzi mmoja mkubwa. Kiwanda kilipoyumba, waliyumba nacho. Miaka ya 2000 ilileta viwanda binafsi, CETAWICO kule Hombolo na Alko Vintages mjini, na upande wa Chamwino ukaanzishwa mradi wa Chinangali II wenye umwagiliaji wa matone kwa wakulima wadogo. Mashamba yakaongezeka. Matangi ya viwanda hayakuongezeka kwa kasi hiyo, na kila baada ya misimu michache husikika kilio kilekile cha wakulima: viwanda vimeshiba, zabibu ziko juu ya mti, ndege na nyuki wamejaa. Njia ya kujiokoa imekuwa kukamua wenyewe na kuuza mchuzi, yaani maji ya zabibu yaliyokwisha chachuka na kuhifadhiwa kwenye matangi kabla ya kusafishwa na kutiwa chupani. Mchuzi unampa mkulima miezi badala ya siku, nami sibezi hatua hiyo. Ila mwisho wa miezi hiyo anayegonga mlango ni mnunuzi yuleyule. Serikali nayo imefanya lake: mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini umewekewa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa nje. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini inamfikia mwenye kiwanda kwanza, na kwenye rafu za Dar es Salaam chupa ya Dodoma bado imebanana na mvinyo wa Afrika Kusini uliozalishwa kwa wingi na kutangazwa kwa fedha nyingi.

Tuitazame chupa hiyo moja. Kabla haijafika rafuni, kuna aliyelipia chupa tupu, kizibo, lebo, stempu ya kodi na usafiri wa zaidi ya kilomita 450, kisha faida ikagawanywa kwa muuzaji wa jumla na wa rejareja. Katika bei anayolipa mnywaji, sehemu ya zabibu yenyewe ni kiduchu. Mgeni aliyefika shambani, kwa upande wake, amejisafirisha. Glasi anayoonja kivulini haikuhitaji lori. Juisi anayomnunulia mtoto, zabibu kavu za kubeba, siki, sahani ya ugali wa uwele na mlenda, vyote vinauzwa palepale na fedha inabaki kijijini. Na wageni wenyewe Dodoma haihitaji kuwatafuta ng'ambo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huko ulifanywa 1973, ukasuasua kwa zaidi ya miaka 40, kisha kuanzia 2016 serikali ikahama kweli. Aprili 2018 mji ukapewa hadhi ya jiji, na sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya 765,000. Kwa aliyezoea Dar es Salaam bado ni mji mdogo, ambao mtu anautoka upesi na kujikuta kati ya migunga na mibuyu. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme imeufanya mwendo wa kutoka Dar es Salaam kuwa wa saa nne au pungufu. Na kuna jambo ambalo sijasikia likisemwa sana: vikao vya Bunge vya mwanzoni mwa mwaka na vile vya Agosti na Septemba huangukia jirani kabisa na mavuno yote mawili. Wabunge, makatibu, waandishi wa habari, madereva na wote wanaofuatana nao wako mjini wiki zilezile ambazo mkulima wa kijijini Mpunguzi anatafuta mnunuzi. Hakuna wizara iliyoipanga bahati hiyo, na matamasha ya siku mojamoja hayatoshi kuitumia.

Wapo waliopita njia hii wakianzia katika hali isiyo mbali sana na hii. Stellenbosch, mji mdogo wa chuo kikuu kule Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, ulianzishwa 1679 na umelima zabibu kwa karne tatu na zaidi, lakini hadi miaka ya 1960 wakulima wengi wa huko walikuwa watu wa kupeleka zabibu au mvinyo wa jumla kwa wakubwa, huku ushirika wa KWV, ulioundwa 1918, ukiwa na sauti kuu katika bei na ziada. Mwaka 1971 wakulima watatu, Frans Malan wa Simonsig, Spatz Sperling wa Delheim na Neil Joubert wa Spier, walianzisha njia ya mvinyo, ya kwanza nchini mwao: vibao barabarani, ramani, na mageti ya mashamba yaliyofunguliwa ili mpita njia aingie, aonje na anunue. Malan alikuwa ameuona mpango wa namna hiyo Ufaransa. Ninachokithamini katika habari hii ni mpangilio wake. Hawakungoja kwanza mvinyo wao usifiwe duniani ndipo wafungue mageti. Walifungua, na mkulima aliyekuwa akihesabu tani akaanza kusikia kinywaji chake kikisifiwa na kukosolewa mbele ya macho yake. Mtu akikosolewa hivyo na anayelipa, msimu unaofuata atapogoa tofauti. Jambo la pili ni kwamba milima ya Jonkershoek, iliyo kando ya mji, haikutangazwa kivyake na mvinyo kivyake. Anayepanda mlima asubuhi ndiye anayekaa chini ya mwaloni mchana akiwa na glasi, na kwa kuwa amechoka, hulala hapohapo na kulipia chumba.

Anayeijua Stellenbosch vizuri atanikatiza hapa, na ana haki. Uzuri wa mashamba yale ulijengwa na watumwa, kisha na vibarua wasio na ardhi, na kwa vizazi vingi sehemu ya ujira wao ililipwa kwa mvinyo. Utaratibu huo, walioutaja kwa jina la dop, ulikatazwa kisheria lakini ukaendelea kichinichini hadi miongo ya karibuni, na Rasi ya Magharibi imebaki miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto waliozaliwa wameathiriwa na pombe tumboni mwa mama zao. Kwa nini basi tuialike biashara hiyo ndani ya vijiji vya Wagogo? Jibu langu linaanzia kwenye umiliki. Mzabibu wa Dodoma kwa sehemu kubwa ni wa mkulima mwenye eka moja au mbili, anayeamua mwenyewe auze nini na kwa nani. Hakuna bwana shamba wa kumlipa kibarua kwa kikombe. Tena madhara makubwa ya pombe kwetu yametoka kwenye kinywaji kikali cha bei ya kutupa, kile kilichoifanya serikali ipige marufuku viroba mwaka 2017. Shamba linalomuuzia mgeni glasi mbili kwa bei nzuri, pamoja na chakula na maelezo, linapata fedha yake kwa kuuza kidogo. Kuna masharti ambayo singeyaacha: kibarua alipwe fedha taslimu, mtoto asiuziwe, na mwenye kuendesha gari apewe juisi. Yapo pia madhehebu na dini zinazokataa pombe kabisa, na Kondoa, ambako njia ya mgeni itapita, Waislamu ni wengi. Kwa familia kama hiyo shamba bado ni shamba: watoto watachuma vishada, watakunywa juisi, watamwona mpogoaji akifanya kazi. Lakini kwa anayesema fedha iliyopita kwenye pombe haifai hata senti, sina hesabu ya kumshawishi, wala sidhani inafaa kumtafutia.

Pingamizi linalotolewa zaidi, hata na wanywaji, ni jepesi kuliko hilo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama mvinyo wa Dodoma ungekuwa mzuri, wanasema, tungeukuta mezani bila kupelekwa shambani. Methali hiyo inamfaa muuza chungwa, ambaye mnunuzi anaweza kulibonyeza na kulinusa. Mvinyo umefungwa. Unanunuliwa kwa sifa ya lebo, na sifa ya Dodoma imejengwa na chupa tamu za bei nafuu ambazo viwanda viliona zinatoka haraka. Ni kweli vilevile kwamba baadhi ya mvinyo mwekundu wa huko una ladha ya tunda lililopikwa, na sitajifanya sijui. Lakini mashamba ya Dodoma yana Chenin Blanc na Syrah, Hombolo kuna Aglianico iliyotoka Italia, na kituo cha utafiti cha Makutupora kimefanya kazi ya miaka mingi juu ya aina zinazohimili eneo hilo, ikiwemo ile nyekundu inayoitwa kwa jina la kituo. Mvinyo mweupe mkavu wa zabibu za Agosti, ukiwa baridi, haunifanyi nitamani wa kutoka mbali. Tatizo ni kwamba wengi hawajawahi kuukuta katika hali hiyo. Chupa imesimama wima dukani miezi kadhaa, juu ya friji inayotoa joto, jua la saa tisa likiipiga kupitia kioo. Mvinyo gani ungetoka salama? Anayeonjea shambani au kiwandani anakutana na kinywaji kabla ya mateso hayo, na akikilaumu, atakilaumu kwa kosa lake chenyewe.

Halafu kuna wanaosema Dodoma hakuna cha kuona. Kauli hii huipenda sana waliozoea kufunga pazia la gari. Mji umekaa kati ya vilima vya mawe makubwa ya matale, mengine yamelaliana kiasi kwamba mtu anapita chini yake akiwa wima, na alfajiri ya Juni, kabla upepo haujaanza, mwanga unayafanya mekundu kwa dakika chache kisha yanarudi kuwa ya kijivu. Kule juu unaona uwanda wote: mibuyu iliyotawanyika, vumbi la ng'ombe, reli ya zamani ya Wajerumani iliyofika hapo mwanzoni mwa karne iliyopita, na pembeni yake ile mpya. Kusini, kwenye barabara ya Iringa hiyohiyo inayopita mashamba ya zabibu, kuna bwawa la Mtera na perege wake wanaokaangwa kandokando ya lami. Kaskazini, kama kilomita 180, kuna Kolo, na hapo ndipo hoja ya kwamba hakuna cha kuona inapokufa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na mapango na vivuli vya miamba vyenye michoro vinakadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mary Leakey alikuja kuinakili 1951. Watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vikiwa na umbo la ajabu, swala, twiga, na juu yao michoro myeupe ya watu waliokuja baadaye na kilimo: vyote vimebaki kwenye jiwe lisilo na kioo mbele yake. Mongomi wa Kolo bado ni mahali pa tambiko. Mgeni anaweza kukuta dalili za watu waliokwenda kuomba mvua au uponyaji kwenye mwamba uleule anaoupiga picha, na mwongozaji mzuri atamwambia asimame wapi.

Njiani kwenda huko kuna kitu kingine ambacho vipeperushi vya utalii havikitaji, nacho kwa maoni yangu kinaifunga safari nzima. Ni makorongo ya Kondoa. Udongo wa milima ya Irangi ulimong'onyoka kiasi kwamba mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo yote ikatolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Familia zilihamisha ng'ombe wao, na machungu ya amri ile hayakuwa madogo. Leo mtu anaona kuta za udongo mwekundu zilizochimbwa na maji, na ndani yake miti iliyorudi. Aliyeyaona hayo, kisha akaona jinsi mistari ya mizabibu ya Mpunguzi inavyolimwa kwa samadi na maji ya kuhesabu, anaielewa nchi hii kavu kuliko atakavyoielewa kwa kukaa ukumbini akisikiliza mada ya mabadiliko ya tabianchi. Mvinyo peke yake unamshika mgeni nusu siku. Michoro peke yake inamfanya apite Dodoma mbiombio akielekea Babati. Vikiunganishwa vinampa siku mbili na usiku mmoja, na usiku huo unaweza kuwa wa muziki, maana Ugogo wa zeze, marimba na sauti za kupokezana ndio uliomlea Hukwe Zawose, aliyefariki 2003 baada ya kuupeleka muziki wa nyumbani kwao kwenye majukwaa ya Ulaya. Ni ajabu kwamba mtu anaweza kumsikia Zawose kwenye rekodi akiwa Uingereza, na akafanya semina tatu Dodoma bila kusikia hata zeze moja likipigwa.

Pingamizi ninaloliogopa kuliko yote ni la maji na ardhi. Jiji linakua, na sehemu kubwa ya maji yake imekuwa ikitoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, eneo hilohilo ambalo jina lake limebebwa na zabibu. Mtu akiuliza kwa nini lita zinyweshwe mizabibu hali mitaa inapata maji kwa mgawo, hajauliza upuuzi. Mzabibu mkubwa una mizizi inayokwenda chini sana na huvumilia ukame kuliko mboga, na umwagiliaji wa matone hutumia sehemu ndogo ya maji ya mfereji. Lakini hiyo ni hoja ya kulima kwa busara, haimpi mkulima leseni ya kuchimba visima ovyo. Mshindani mkali zaidi wa mzabibu ni kiwanja. Tangu serikali ihamie, mashamba ya pembezoni yanapimwa na kukatwa vipande, na mwenye eka moja ya mizabibu inayomsumbua kila msimu kwa kukosa soko akiletewa bei ya viwanja, hatafikiri mara mbili. Simlaumu. Hotuba za kuthamini zao la mkoa hazimlishi mtu. Kinachoweza kumfanya abaki na mizabibu yake ni kipato kinachoonekana kila Jumamosi, na katika mashamba yaliyo karibu na mji, yaliyo hatarini zaidi kuwa viwanja, ndiko hasa mgeni anakoweza kufika kwa bajaji. Ukaribu uleule unaolihatarisha shamba ndio unaoweza kulilipa.

Mwisho wanauliza: mkulima mdogo atawezaje? Hana mgahawa, hana Kiingereza cha kuongozea wageni, hana mtaji. Swali hili linamfikiria mgeni wa kutoka Ulaya, wakati wa kuanzia naye ni karani wa Morogoro na familia yake, ambao Kiswahili kinawatosha. Wala si kila mkulima anahitaji kupokea watu. Chama cha ushirika cha msingi chenye wanachama kadhaa kinaweza kutenga shamba moja lililo kando ya barabara, kijenge banda la makuti, vyoo viwili safi vyenye maji, meza mbili, moja ya juisi na moja ya mvinyo, na kupokezana zamu. Kazi ngumu iko kwenye vibali. Mzalishaji mdogo wa mvinyo anatakiwa kupita TBS kwa ubora, TRA kwa stempu na ushuru, na halmashauri kwa leseni ya vileo, na ngazi zote hizo zimetengenezwa kwa kipimo cha kiwanda. Usalama wa kinywaji siwezi kuuombea msamaha. Pombe iliyotengenezwa vibaya inaua. Lakini leseni ya kuonjesha na kuuza shambani kiasi kidogo kilichopimwa, yenye ada ya saizi ya ushirika, haihitaji sheria mpya ya kutisha, na watunga kanuni wenyewe wanaishi dakika 30 kutoka kwenye mizabibu. Mwongozaji atapatikana miongoni mwa vijana wa kijijini wanaojua kupogoa, badala ya kumleta kijana wa utalii aliyekariri. Kuhusu matangazo, zisitumwe fedha kwenye maonyesho ya nje kwanza. Kibao kimoja kwenye stesheni ya treni, chenye majina ya vijiji, wiki za mavuno, namba ya chama cha ushirika na nauli ya bajaji, kinatosha kwa msimu wa Agosti.